Batman Begins ihukumiwe kwa kopi kamili, si kwa kopi ya kukatwakatwa

Assalaam aleikum Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu, yule mliyechapisha barua yake juzi akisema Batman Begins ni muvi ya kulaza watu, ati saa nzima yapita na stelingi hajavaa nguo yake, na akashauri vijana wairuke waanzie The Dark Knight, ile iliyoifuata, manake ndiyo yenye mambo. Barua yake imeniuma. Mimi ni mtu wa Malindi, picha nazipenda tangu zama za kanda, na hii filamu naiweka juu ya zote za aina yake, zile za kueleza shujaa alianzaje. Nimeona niandike kwa urefu, mnivumilie, sababu naona amechanganya mambo mawili, kuna filamu na kuna kopi aliyoiona, na kwa vile alivyoieleza, ati giza tupu, ati maneno hayasikiki, ati mara wako mlimani mara wako mjini hujui wamefikaje, hiyo kopi mimi naijua, hata hapa kwetu ipo, na wallahi hiyo si kazi ya muongozaji wake, Nolan.

Tuanze na filamu yenyewe. Ilitoka 2005, muongozaji ni Christopher Nolan ambaye aliiandika pamoja na David S. Goyer, na Bruce Wayne, tajiri anayegeuka Batman, yaani mtu-popo, ni Christian Bale. Kabla yake ya mwisho ilikuwa Batman & Robin ya 1997, marangi mengi, mzaha mwingi, na baada ya ile popo akakaa miaka minane bila kuonekana kwenye sinema. Sasa ukikabidhiwa mhusika kama huyu, ambaye Bob Kane na Bill Finger walimtoa kwenye jarida la katuni tangu 1939 na hata mtoto wa chekechea anamjua, njia nyepesi ni umlete ashavaa, apige watu, twende nyumbani. Nolan hakuchukua njia hiyo. Yeye alianza kuuliza maswali ya mtu mzima: huyu bwana ana pesa, ana jumba, ana mtumishi wa kumletea chai kitandani, basi kakosa nini mpaka usiku atoke akapigane na majambazi? Kupigana kafunzwa na nani? Hiyo nguo kashonewa wapi, hilo gari kalitoa wapi bila watu kujua? Na katika wanyama wote wa Mungu kwa nini achague popo?

Ile saa ya kwanza ambayo mwenzangu anailalamikia ndiyo inayojibu hayo maswali yote, tena kwa utulivu. Mtoto anaanguka kisimani, popo wanamtokea kwa mamia, anatolewa na babake. Siku nyingine wako kwenye maonyesho ya opera, kule jukwaani kuna watu wamevaa kama mapopo, mtoto anaogopa, anamwomba baba watoke, wanatokea mlango wa nyuma, kichochoroni wanakutana na jambazi na wazazi wote wawili wanapigwa risasi mbele yake. Unaona ilivyofumwa? Yule mtoto hakubakia na msiba peke yake, amebakia na lawama, kwamba lau si woga wangu tusingetoka mapema, baba na mama wangekuwa hai. Hiyo lawama ndiyo inayomwendesha mpaka mwisho. Kuna filamu nyingi za mashujaa ambapo wazazi wanakufa dakika ya tano na dakika ya sita tushasahau, hapa hatusahau, sababu kila anapoona popo anaona kichochoro.

Halafu anakua, anakuwa kijana mwenye hasira, yule muuaji anapelekwa mahakamani aachiliwe, na Bruce anaenda na bastola kaificha kwenye mkono wa koti amuue. Mwingine anamtangulia. Rachel, rafiki yake wa utotoni ambaye ni mwanasheria, anapojua alichotaka kufanya anamzaba makofi garini, na anamwambia tofauti ya haki na kisasi. Bastola inatupwa majini, kijana anapotea duniani miaka, anaishi na wezi, anafungwa jela nchi za watu, mpaka anapatikana na mtu anayejiita Ducard, Liam Neeson huyo, anayempeleka juu milimani kwa watu wa League of Shadows, kundi la siri la wapiganaji, wamfunze kupigana na kuimiliki hofu yake.

Na huko mlimani ndiko kwenye kiini cha filamu yote. Mafunzo yakiisha analetewa mtu aliyefungwa kamba, mkulima aliyeua mwenzake, anapewa upanga anaambiwa mmalize, hiyo ndiyo haki, ukifanya hivyo wewe ni wetu. Anakataa. Anasema mtu apelekwe mbele ya sheria, na kwa kukataa kwake anageuka adui wa wote waliomfunza. Mhariri, mimi naona Batman alizaliwa dakika ile, mlimani, nguo haijashonwa, gari halijaonekana, jina lenyewe hana. Ukiiruka hiyo sehemu uende kwa magari yanayoruka utakuwa umeona mtu kavaa barakoa tu.

Na hili jambo la haki na kisasi si la Gotham, mji wa kwenye filamu, peke yake. Sisi hapa Kenya tunajua kelele za mwizi mwizi zinavyoanza mtaani, mtu anashikwa, hakuna wa kuuliza kaiba nini wala kaiba kweli, mawe yanaanza kurushwa, mara tairi lishaletwa. Wengi wanaofanya vile wanaamini kabisa wanasafisha mtaa. Ndivyo anavyoamini Ducard, hacheki ovyo kama maadui wa muvi, anazungumza kwa upole na hoja zake ukizisikiza zina mvuto, kwamba mji ukioza sana dawa yake ni kuuangusha wote. Nataka vijana wetu wamuone mtu aliyetoka kwenye msiba mkubwa kama ule, ana kila sababu ya kuua, na amepewa upanga mkononi, halafu anasema hapana. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipenda hii filamu na nasema wazi, hata kama haikuwa na gari wala nguo ningeipenda.

Kuhusu popo wenyewe. Wazungu wengine walicheka, ati mtu mzima ajivike popo ndio watu waogope? Sisi watu wa pwani hatuwezi kucheka hapo. Wazee wetu wanakumbuka habari za Popobawa, lile jini la popo, zilivyotikisa Pemba na Unguja mwaka wa 1995, watu walilala nje wamejikusanya, moto umewashwa, hakuna anayetaka kubaki chumbani peke yake, na habari yenyewe ikisafiri kwa mdomo tu kutoka kijiji hadi kijiji, hofu ikifika kabla ya kitu chenyewe. Hivyo ndivyo Nolan anavyomtumia popo wake. Ile usiku ya kwanza bandarini, majambazi wanapotea mmoja mmoja kwenye makontena, humuoni, unasikia tu, taa inazimika, mtu anavutwa juu, na waliobaki ndio wanaofanya kazi ya kumtangaza kesho yake. Halafu upande wa pili kuna daktari Crane, kaigiza Cillian Murphy, naye anatumia hofu vilevile lakini kwa unga wa sumu, unauvuta unaona kile unachokiogopa kuliko vyote. Hofu kwa huyu ni silaha ya kulinda na kwa yule ni ya kuangamiza, na filamu nzima inatembea kati ya hao wawili.

Nimtaje pia Gary Oldman, kama askari Gordon, ambaye peke yake hali rushwa kwenye kituo kilichooza. Hana maneno makubwa, hana misuli, ana koti na miwani na uchovu wa mtu aliyekaa na wala rushwa miaka, na mwenzake anagawana pesa mbele ya macho yake naye hana pa kumshtaki manake wa juu ndio wale wale. Mkenya yeyote atamuelewa mtu huyu bila kuelezewa. Na Michael Caine kama Alfred, yule mtumishi, ndiye baba aliyebaki, kila akiongea muvi inapata joto. Hata zile habari za vifaa nimezipenda, sababu zimefikiriwa: nguo ilitengenezewa wanajeshi ikaonekana ghali ikaachwa stoo, barakoa wanaagiza elfu 10 kwa mpigo kupitia kampuni ya mbali ili mtu asishuku, na oda ya kwanza inakuja mbovu, ikigongwa inapasuka. Vitu vidogo kama hivi ndivyo vinavyokufanya uamini.

Sasa sitaki nionekane kama napaka rangi tu, makosa yapo. Mapigano yamepigwa kwa kamera ya karibu sana na yamekatwa haraka haraka, hata kwenye kopi nzuri kuna mahali hujui mkono wa nani umempiga nani. Najua walitaka tuone vile jambazi anavyoona, kizunguzungu, lakini wangetuachia hata pambano moja tulione lote. Rachel wa Katie Holmes kapewa maneno mazuri lakini hakupewa maisha, kila akitokea anatoa nasaha. Na ile mashine ya mwisho, ya kuchemsha maji yote ya mji yawe mvuke, mimi hainiingii akilini, mabomba yapasuka chini ya barabara na binadamu amesimama hapo hapo, mwili wake zaidi ya nusu ni maji, hata jasho halimtoki. Nusu saa ya mwisho ya treni ni kelele zaidi ya inavyohitajika. Lakini haya ni makosa ya nusu saa, na mwenzangu kailaumu ile saa iliyo bora kuliko zote.

Nije kwa kopi, na hapa ndipo nnapotaka watu wanisikize.

Hii filamu ina dakika 140 na ilipigwa kwa picha pana sana, upana wake ni mara mbili na zaidi ya urefu wake kwenda juu. Mpiga picha Wally Pfister aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo, na ndio uteuzi pekee filamu ilipata. Giza lake lilipimwa, kuna rangi ya kahawia ya kutu kwenye mitaa ya Gotham, kuna weupe wa barafu kule mlimani, nyeusi ya nguo inatofautiana na nyeusi ya usiku. Sasa tuone iliyotufikia ilikuwaje. Kwanza zilikuja za kurekodiwa kwa kamera ndani ya sinema, vichwa vya watu vinapita mbele na saundi kama ya ndani ya pipa. Halafu zikaja sidii za video, mbili mbili, manake sidii moja haipiti dakika 80, kwa hivyo katikati ya muvi unasimama ubadilishe, na picha yake ni nukta 352 kwa 288 basi, wakati DVD halisi ya mfumo wetu ni 720 kwa 576, yaani mara nne. Halafu zikaja zile za kumi kwa moja, muvi kumi kwenye DVD moja. Hebu fanyeni hesabu: DVD ya kawaida ya kuchoma inabeba kama giga 4.7, ukigawa kwa muvi kumi kila moja inapata chini ya nusu giga, na wenyewe walipoitoa waliipa diski yao peke yake. Kwenye nusu giga kitu cha kwanza kufa ni giza. Ile nyeusi iliyopimwa inageuka vibokisi vibokisi vinavyotembea, na muvi hii robo tatu yake ni usiku. Ndio mtu anasema "giza tupu." Kweli ni giza tupu, wamelisaga!

Na kuna lile la kukata pembeni. Hili tusiwalaumu wauza mtaani peke yao, studio yenyewe ya Warner Bros. ilipoitoa DVD Marekani mwezi wa Oktoba 2005 iliuza aina mbili, pana na ya mraba, ya mraba ikiwa ya wenye tivii za zamani ambao hawakutaka kuona mistari myeusi juu na chini. Lakini picha pana kama hii ukiifanya mraba umetupa karibu nusu yake. Ile sehemu ya upanga juu ya barafu, Bruce upande huu Ducard upande ule, kati yao weupe mtupu na barafu inalia chini ya miguu yao, kwenye kopi ya mraba unaona pua ya Liam Neeson akiongea na hewa, halafu picha inaruka inakuletea sikio la Bale. Pale mkahawani kwa Falcone pia, bosi huyo wa majambazi anapomwonyesha Bruce kwamba meza za pembeni wamekaa majaji na askari na wote ni wake, hao watu wa pembeni ndio maana ya maneno yake, na kopi ya mraba imewafuta. Tivii zenyewe za mgongo tuliziweka kando nyingi, tangu matangazo ya analogi yazimwe nchini 2015 nyumba nyingi zina tivii pana, basi kopi ya mraba ya nini tena? Lakini ndizo zinazozunguka kwenye maflashi mpaka leo, na watu wanazivuta zijaze kioo, sura zimenenepa, Bale mwembamba kawa mpishi wa hoteli.

Kuhusu madijei wa kutafsiri ntasema kwa heshima sababu najua kazi yao ina thamani. Kuna wazee na kina mama ambao bila wao wasingeijua hata filamu moja ya Kiingereza, na dijei mzuri anakuchekesha na anakufahamisha. Lakini si kila muvi ni ya kuongelewa juu yake. Hii inategemea kunyamaza. Muziki wa Hans Zimmer na James Newton Howard mahali pengi ni kama mabawa yanapiga chini chini, unausikia tumboni kabla ya masikio, na dijei akiongea hapo ameuzima. Baya zaidi ni kwamba wengine wanakata sehemu wanazoziona hazina vita ili kazi iwe fupi, na unajua watakata wapi? Mahakamani, mkahawani, na yule mkulima mwenye kamba. Basi mtazamaji anaona mtu yuko jela, mara yuko mlimani, mara nyumba inaungua, na anatoka akisema muvi haieleweki. Ombi langu kwa madijei ni dogo, tafsirini maneno, acheni kukata, na pale pasipo maneno mtuachie nasi tusikie.

DVD halisi ya diski mbili kwa upande wake ni kitu cha kushika mkononi ukajua watu wameheshimu kazi yao. Diski ya kwanza ni filamu, pana, na saundi ya spika tano na bufa. Ya pili ni vipindi vya nyuma ya kamera, na kwa mtu kama mimi anayependa kujua kitu kilitengenezwaje hivi ni chakula. Unaona kwamba barafu ile ni barafu ya kweli, walienda Iceland wakapiga juu ya barafu yenyewe. Unaona mitaa ya mabanda ya Gotham ilijengwa ndani ya banda kubwa la zamani la Cardington, Uingereza, lililojengewa vyombo vya angani vya puto, nyumba nzima nzima ndani ya nyumba, na mvua ya kutengeneza juu yake. Lile gari si la kompyuta, liliundwa likaendeshwa, injini ya V8 ya lita 5.7, na lilikimbizwa kwenye barabara za Chicago. Mtindo wa kupigana unaitwa Keysi, umetoka Uhispania, viwiko vingi na mikono iko karibu na kichwa, na ukishauona pale unaelewa hata yale mapigano yaliyokatwa ovyo yalikusudiwa nini. Ndani ya kasha kuna na kijitabu cha katuni chenye ile hadithi ya kwanza kabisa ya 1939.

Mapungufu ya hiyo seti pia niyataje. Menyu ya diski ya pili wameifanya kama kurasa za katuni, unapekua pekua kutafuta kipindi, ni nzuri ya macho lakini ukitaka kitu haraka inakera. Na kubwa zaidi, Nolan hakuweka sauti yake kueleza filamu huku inaendelea. Filamu yenye fikra nyingi vile, muongozaji akae kimya! Nilitamani sana kumsikia akieleza kwa nini alichanganya utoto na jela na mlima badala ya kupanga kwa mfululizo. Ilipotoka kwa Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD, Julai 2008, siku chache kabla ya The Dark Knight kuingia sinema, picha ilipanda daraja, na mwisho wa 2017 ikaja ya 4K, kali zaidi, lakini sauti ya Nolan bado haikuwekwa.

Kwa wenye jamaa wanaofanya kazi Ghuba au Ulaya, na hapa pwani ni wengi, jueni kabla ya kuagiza. Diski za DVD zina kanda za nchi, Marekani ni 1, Ulaya na Ghuba ni 2, sisi Kenya tumewekwa 5. Deki nyingi za bei nafuu hazibagui, lakini nyingine zitaikataa. Kwa Blu-ray ni afadhali, sisi na Ulaya na Ghuba tuko kanda moja, B. Na ukiona DVD ya Ulaya imeandikwa kama dakika 134 usiogope kwamba imekatwa, mfumo wa tivii wa huko, PAL, unapitisha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za filamu, kwa hivyo yote inakimbia kidogo, hakuna kilichotolewa. Ukishaipata, chukua remoti uingie kwenye saizi ya picha uiache ilivyo, mistari myeusi ya juu na chini haijala chochote, inakulindia picha. Punguza ule mwangaza mkali wa tivii, zima taa ya sebuleni, na uwashe maandishi ya chini manake Bale akishavaa barakoa anaongea kwa kukwaruza na hata wenye Kiingereza chao wanahangaika.

Jambo jengine ni watoto. Kwa sababu ni Batman, wazazi wengi wanafikiri ni katuni, na kwenye vibanda vya video nimeona vitoto vya miaka sita vimekaa mbele kabisa. Marekani waliipa PG-13, yaani wazazi wawe na tahadhari kwa walio chini ya miaka 13, na Uingereza 12A, yaani chini ya miaka 12 aingie na mkubwa, na si bure. Yule daktari akivaa gunia lake usoni na mabuu yanatoka, hiyo ni sura ya kumfuata mtoto kitandani. Wazazi kuuawa mbele ya mtoto, hilo pia si la kuwekea mtoto mdogo bila mkubwa wa kumshika mkono. Wenye vibanda wanajua bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB, inataka kila filamu ipewe daraja la umri na daraja lionekane, basi wabandike mlangoni, na mwenye kukusanya pesa amwambie mtoto arudi nyumbani au aje na mkubwa wake.

Mwisho Mhariri nna ombi kwa gazeti. Ukurasa wenu wa burudani huwa mnaandika habari za muvi, nani kaigiza, imepata pesa ngapi, na mnaipa nyota. Naomba muongeze mistari mitatu chini ya kila muvi: kama ipo kwa diski halisi na ni ya picha pana au iliyokatwa, ina dakika ngapi ili mtu akinunua akapata pungufu ajue ameuziwa iliyopunguzwa, na umri wa watazamaji. Muanze na hizi za mashujaa sababu ndizo zinazoulizwa sana madukani, na kama mtahitaji mtu wa Malindi wa kuwaangalilia zinazouzwa huku, mimi nipo.

Wako,
Msomaji wa kila siku,
Barani, Malindi